Mzee Marzouq na Kibao cha Shaba cha Wexcombe

Jumatano, tarehe 31 Mei 2006, saa nane mchana, Mzee Marzouq bin Khelef atafunga mlango wa karakana yetu ya Ibra, Oman, na kuukabidhi ufunguo kwa mtu mwingine. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya kazi. Katika miaka yote hiyo alikosa kufika kazini siku kumi na moja tu, na saba kati ya hizo alikuwa hospitalini akitolewa jiwe la figo. Jiwe lenyewe aliwaomba madaktari, akalitia katika kikopo kitupu cha haluwa, na mpaka leo huwaonyesha wageni kwa uso mkavu akiwaambia kuwa ni kito kutoka mlima wa Jabal Akhdar.

Nimepewa kazi ya kuandika maneno haya kwa sababu mbili: mimi ndiye karani wa mafaili, na mimi ndiye ninayechapa programu ya sherehe hii ya leo Jumanne. Basi nimelisoma faili lake lote, karatasi mia mbili na kumi na nne. Nyingi ni za sifa, nyingine za likizo ambazo aliomba na hakwenda. Moja ni mbaya. Ni ya mwezi wa Februari 1998, na nimeshauriwa kwa upole niiruke, kwa kuwa leo ni siku ya furaha.

Sitairuka. Kesho faili hili linafungwa na kupelekwa makao makuu, na faili likishafungwa halisahihishwi tena. Mzee Marzouq anaweza kuishi na karatasi ile, ameshaishi nayo miaka minane. Mimi ndiye siwezi kuona jina lake likifungiwa nayo milele, na muda niliobakiwa nao ni leo tu. Kwa hiyo wasomaji watanivumilia ikiwa wasifu huu utakuwa mrefu kuliko ule wa kawaida wa picha moja na aya tatu.

Alizaliwa Unguja, mtaa wa Mwembetanga, mwaka 1946. Alipokuwa na miaka kumi na minne mjomba wake, Fundi Sultan, alimchukua gerejini kwake, na mwaka wa kwanza wote hakumruhusu kushika spana. Kazi yake ilikuwa kusikiliza injini na kusema zina nini. Mwaka 1964 aliondoka na mama yake, wakakaa Mombasa miaka tisa, na mwaka 1973 wakaja Oman na sanduku moja la nguo na moja la spana. Anasema la spana ndilo lililokuwa zito, na la nguo ndilo lililopotea.

Tarehe mosi Juni 1975 akaajiriwa hapa. Siku hizo lami ilikuwa bado haijatufikia, na malori yetu yalipeleka unga, saruji na maji mpaka Jalan Bani Bu Hassan kwa njia ambayo kila dereva alijichagulia mwenyewe. Lori likikwama, Mzee Marzouq alipelekwa. Mara moja mwaka 1981 alikaa siku tatu chini ya lori la maji karibu na Jalan, akichonga kipande cha chuma kwa tupa mpaka kikakaa mahali pa kile kilichovunjika. Lori lile liliuzwa mwaka 1993, na kipande chake kilikuwa bado kinafanya kazi.

Wafanyakazi wapya hushangazwa kwanza na maamkizi yake. Dereva akiingia na gari linalogonga, amesawijika kwa haraka, Mzee Marzouq hamwambii azime injini. Humpa mkono, akamuuliza hali ya mama, hali ya watoto, mitende imezaa vipi mwaka huu, nani mgonjwa na nani amepona. Dereva anaona anacheleweshwa. Kumbe muda wote huo injini inanguruma na masikio ya mzee yako huko. Akifika kwenye kuuliza habari za mbuzi, ameshajua ni vali au ni pampu ya mafuta, na ndipo boneti hufunguliwa. Wala hajapata kusema gari ni bovu. Kwake yeye gari huwa limechoka, na lililokufa kabisa huwa limechoka sana.

Kitu cha pili ni ufunguo. Karakana ya Ibra ina mlango mmoja mkubwa na ufunguo mmoja, na tangu 1979 umekaa mfukoni mwake. Kanuni yake ni kwamba chochote kitakachoharibika ndani ya mlango ule ni kosa la mwenye ufunguo, awe alikuwepo au alikuwa msikitini anasali. Vijana huicheka kanuni hiyo mpaka siku inapowaokoa.

Sasa nije kwenye gari lenyewe.

Mzee Hood, mwenye kampuni hii, ni mtu wa Sur, mji wa pwani, upande wa mama. Babu yake mzaa mama, marehemu Wadhah bin Nasr, alikuwa na biashara Unguja, na mwaka 1926 alinunua huko gari jipya la Kiingereza liitwalo Wexcombe. Kiwanda chake kilikuwa kidogo, kikafilisika na kufungwa mwaka 1929. Marehemu Wadhah hakujali. Aliliendesha gari lake mpaka mwaka 1938 alipoamua kurejea kwao Sur. Hakuweza kuliacha. Akalifungua vipande vipande, akalisafirisha, na alipofika Sur akaliunganisha tena, akagundua jambo ambalo kila mtu alikuwa amemwambia kabla hajaondoka, nalo ni kwamba Sur haikuwa na barabara.

Gari likawekwa katika ghala ya chini ya nyumba. Watu wa mtaa wakapata la kuchekea kwa miaka. Binti yake, Bibi Tamima, ambaye ndiye mama yake Mzee Hood, bado hasahau kicheko kile. Tunaye hapa leo safu ya mbele, ana miaka themanini na minne, na simulizi yake ni hii: "Baba akitutia humu sote, jioni, akishika usukani. Atwambia, leo twenda Bububu. Basi twenda Bububu kwa midomo, brrr, brrr, mpaka mama atwite kula. Na wale wa nje wakicheka, maskini, hawajui sie tumeshafika." Baadaye kuku wakajichukulia kiti cha nyuma, wakataga humo kwa miaka hamsini hivi.

Mwaka 1995 Mzee Hood akaamua gari litoke. Ikaonekana kuwa nyumba ilikuwa imetengenezwa mara mbili tangu hapo na mlango wa ghala umekuwa mwembamba. Ukuta ukavunjwa. Mzee Marzouq alikwenda Sur mwenyewe na lori, akalizunguka lile gari mara tatu bila kuligusa. Lilikuwa limevimba kutu, mpira umekuwa vumbi, na kwenye fremu, pale kiwanda kilipopiga namba yake, chumvi ya bahari ilikuwa imekula chuma mpaka hakuna kitu. Wakamuuliza anaonaje. Akasema limechoka sana. Kisha akaomba kahawa, na Bibi Tamima anasema hapo ndipo alipojua kuwa litapona, kwa sababu mtu asiye na tumaini haombi kahawa.

Ilimchukua zaidi ya miaka miwili, baada ya saa za kazi na siku za Alhamisi. Pete za mataa zilifuliwa upya Nizwa. Klachi ya gari lile haikuwa ya sahani bapa kama za leo. Ilikuwa bakuli la chuma lililovikwa ngozi, na ngozi ya aina hiyo haiuzwi dukani tena. Mzee Marzouq alikwenda soko la Sinaw siku ya Alhamisi, akachagua ngozi ya ngamia kama mtu anayemchagulia mwanawe mke, akailoweka katika mafuta ya mbarika wiki mbili kama alivyofundishwa na mjomba wake. Karakana nzima ilinuka. Aliyelalamika alipewa kazi ya kuigeuza kila asubuhi.

Wakati huo huo Mzee Hood aliandika barua Uingereza, kwa chama cha watu wanaoyatunza magari ya kiwanda kile. Majibu yakaja kuwa duniani kote yamebaki Wexcombe kumi na nane tu. Yote yameandikwa katika orodha moja, kila moja na namba yake ya kiwandani, mahali lilipo, na jina la mwenyewe wa kwanza. La Oman likithibitishwa litakuwa la kumi na tisa. Bibi Tamima alisomewa barua hiyo akauliza jambo moja tu, kama jina la baba yake nalo litaandikwa. Akaambiwa litaandikwa. Akasema basi na waje upesi, kwani waliomcheka baba yake wanazidi kufa na yeye anawataka waone.

Namba, kama nilivyosema, ilikuwa imeliwa kwenye fremu. Ilibaki mahali pamoja tu, kwenye kibao kidogo cha shaba kilichopigwa misumari ndani, chini ya dirisha la mbele. Ilikuwa imechorwa kwa mkono, juujuu tu, na kibao chenyewe kilikuwa kimeota kijani. Mzee Marzouq alikuwa ameisoma kwa shida mwaka 1996 na kuiandika katika daftari lake: 1163. Chama kikajibu kuwa daftari halitoshi. Mtu wao, Bwana Pritchard, angekuja kuiona kwa macho yake, Februari 1998.

Mimi niliajiriwa Desemba 1997. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sisi ni watu wa Tabora. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na katika nyumba ya watu saba mimi ndiye pekee niliyekuwa na mshahara, tena wa miezi mitatu ya majaribio. Nilikuwa najua Kiingereza na kuchapa. Magari nilikuwa siyajui hata kidogo.

Siku moja kabla ya mgeni kufika, baada ya adhuhuri, watu walikuwa wamekwenda kulala na mzee alikuwa msikitini. Mlango aliuacha wazi, nikaingia karakanani kuliangalia gari. Liling'aa kila mahali, rangi, mataa, honi, isipokuwa kibao kimoja kidogo chenye kutu ya kijani, pale pale mgeni atakapokaa. Yeyote aliyelelewa katika nyumba zetu atanielewa. Nyanya yangu hakumruhusu mgeni kuona dele la kahawa lililofifia. Alikuwa akisema shaba chafu ni matusi kwa mgeni. Nikakimbia nyumbani, nikachukua ukwaju na jivu, nikarudi, nikakisugua kibao kile kama nilivyosugua madele utoto wangu wote. Kijani kikatoka kidogo. Nikaongeza ndimu. Kilichobakia kikanishinda, basi nikaona msasa mezani kwa mafundi, nikautumia pia. Niliona vimistari vinafifia nikadhani ni uchafu unaondoka. Nilipomaliza ungeweza kujitazama uso ndani yake, na nilijitazama, nikafurahi. Kisha nikalifukiza gari zima udi.

Nimelisema, na sasa kila mwenye karatasi hii mkononi anajua. Aliyefuta namba ya Wexcombe si Mzee Marzouq, ni mimi, Badriya bint Nasr.

Asubuhi yake Bwana Pritchard alifika na suti ya kitambaa chembamba na mkoba wa ngozi. Akapiga chafya mara nne kwa ajili ya udi. Akaisikia injini, akatabasamu; akaikanyaga klachi, akauliza ngozi ni ya mnyama gani, akaandika. Mimi nilikuwa kando yake, mkalimani. Halafu akatoa kioo cha kukuzia, akainama kwenye kibao, na akakaa hivyo muda mrefu sana.

Aliponyanyuka alizungumza kwa adabu, na ilinibidi nitafsiri kila neno. Alisema kwao, namba ya gari ikiwa imefutwa hivi karibuni, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu ana jambo la kuficha. Akauliza nani amefanya hivi. Mzee Hood alikuwapo, meneja wa wakati ule alikuwapo, Bibi Tamima alikuwa kwenye kiti. Nilipokuwa nikiutafsiri ule mwisho nilikuwa nimeshaelewa. Mzee Marzouq alikuwa ananitazama mikono. Ukwaju na jivu huacha weusi kwenye kucha usiotoka kwa siku mbili.

Akasema, kabla sijafungua mdomo tena, "Mwambie ni mkono wangu. Nalikisafisha jana, nikazidisha. Mwambie hivyo hivyo, binti yangu, usipunguze neno."

Nikatafsiri. Ningeweza kusema kweli pale pale, kwa lugha mbili, na sikusema. Nilikuwa naona uso wa mama yangu na wa wadogo zangu, na nikautafsiri uongo wa mtu mwema kwa Kiingereza kizuri. Bwana Pritchard akafunga mkoba. Alisema hawezi kuliandika.

Meneja akatoa shauri kuwa namba inajulikana, iko daftarini, basi kibao kipelekwe kwa mchongaji ichorwe upya, mgeni aitwe tena mwakani, nani atajua. Mzee Marzouq akakataa. Alisema namba ikichorwa na sisi, hiyo ni namba yetu, si ya gari. Kwa kukataa kwake akaongezewa neno jingine katika barua ya onyo. Barua inasema "uzembe mkubwa" na "ukaidi". Cheo alichokuwa ameahidiwa, cha kusimamia karakana zote za mkoa wa Sharqiyah, kikapewa mtu mwingine. Barua ile ndiyo karatasi ya mia moja na arubaini na tisa ya faili lake, na chini kushoto ina herufi ndogo za aliyeichapa. Ni herufi zangu. Nilipewa imla nikaichapa, uzembe wangu kwa jina lake, nakala tatu.

Siku ile mchana nilimfuata, nikalia. Nilimwambia nakwenda kwa Mzee Hood. Akanikalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akanimiminia kahawa. "Sikiliza, mwanangu," akasema, "mimi hapa nina miaka ishirini na mbili na ushee. Mie wakinikasirikia, kesho lori litaharibika, watanitaka. Wewe una miezi miwili, wakikutoa hawatajua hata walichokitoa. Na ufunguo nnao mimi. Kosa la mwenye ufunguo, khalas, yamekwisha." Akanitoza ahadi kuwa maadamu yeye yuko kazini, sitafungua mdomo. Niliahidi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa mwoga, na ahadi ile ilinifaa mimi kuliko yeye.

Gari likasukumwa nyuma ya ukumbi wa karakana, likafunikwa shuka. Bibi Tamima hakumlaumu mzee hata mara moja, jambo ambalo nadhani lilimuuma zaidi ya barua. Kila akija Ibra aliuliza, "Marzouq, gari la baba limelala vipi?" na yeye akijibu kuwa limelala salama, Bibi.

Miaka sita alizitafuta zile tarakimu nne. Alijua kuwa mafundi wa kiwanda, kama mafundi wote wa dunia, huandika vitu mahali ambapo mwenye mali haoni. Alifungua milango, akang'oa mbao za chini, akalitazama tangi kwa ndani na kijioo cha daktari wa meno alichopewa baada ya kumtengenezea gari lake. Hakupata. Ilibaki sehemu moja asiyoigusa, kiti cha nyuma. Ngozi ya kiti kile ndiyo aliyokuwa akikalia marehemu Wadhah siku alizoendeshwa Unguja, na Bibi Tamima alikuwa ameomba isifumuliwe. Mzee Marzouq hakumsihi. Alingoja.

Januari 2004 Bibi Tamima akamwita mwenyewe. Alisema ameota wako safarini na baba yake amehamia mbele, kiti cha nyuma kitupu. Akasema, "Fumua. Lakini mbele yangu."

Tulikuwa watatu, mimi nikishika tochi. Mzee alikata uzi mmoja mmoja kwa wembe, na kila uzi akimpa Bibi mkononi. Chini ya ngozi palikuwa na manyoya ya farasi, chini ya manyoya gamba la yai la kuku, ambalo Bibi alilichukua na kulitia kwenye leso yake. Chini ya hapo palikuwa na ubao. Mzee aliufuta vumbi kwa kiganja, kisha akavua miwani. Akaniambia nisome mimi.

Nikasoma. Kwa penseli nene ya seremala, kwa mwandiko uliolala kidogo: moja, moja, sita, tatu. Na chini yake neno moja, Zanzibar.

Mzee alikwenda mezani, akarudi na daftari la 1996, akaliweka wazi kando ya ubao, namba juu ya namba. Bibi Tamima hajui kusoma Kiingereza, akaipapasa ile penseli kwa kidole na kuuliza kama ndiyo. Nikamwambia ndiyo, Bibi. Akamwambia mzee, "Allah akuweke, Marzouq," na mzee akageuka kutafuta kitambaa cha mikono ambacho kilikuwa begani kwake.

Picha zikapelekwa. Mwezi wa Mei jibu likaja kuwa namba ya ubao inalingana na vitabu vya kiwanda, na Wexcombe la Ibra limeandikwa katika orodha ya yaliyobaki, la kumi na tisa, mwenyewe wa kwanza Wadhah bin Nasr wa Sur na Unguja. Bwana Pritchard aliambatanisha barua ya mkono wake kuomba radhi kwa ile dhana yake ya mwaka 1998. Tukachinja mbuzi, tukala haluwa mpaka tukaumwa. Siku hiyo Bibi Tamima alikwenda kwa Wexcombe kutoka ukumbini mpaka soko la Ibra na kurudi, mzee akiendesha kwa mwendo wa punda, na kila waliyempita Bibi alimpungia mkono kama anayemdai kicheko.

Katika furaha ile kila mtu alisahau faili. Gari lilikuwa limesafishwa jina na mtu aliyelisafisha alikuwa bado na onyo lake. Nilimwendea wiki ile ile nikamwambia sasa imetosha. Akacheka, akaniuliza hali ya mama, hali ya wadogo zangu, nani ameoa na nani amezaa. Alipofika kwenye mbuzi nikajua kuwa ameshanisikiliza na jibu ni hapana.

Wote tunamshukuru Mzee Marzouq kwa malori yaliyofika, kwa vijana tisa aliowafundisha kusikiliza kabla ya kufungua, na kwa mkewe, Bi Kaltham, aliyetuazima mume wake Alhamisi nyingi kuliko tulivyostahili. Wanahamia mji wa Adam, kwenye mitende ya jamaa zake Bi Kaltham, na tumesikia kuwa pampu ya maji ya huko imechoka na inamngojea.

Na kwa wakubwa wa ofisi, niruhusiwe kueleza nilichokifanya. Asubuhi ya leo nimetia katika faili lake karatasi ya mia mbili na kumi na tano. Ni maelezo yangu ya siku ile ya Februari, yenye tarehe na sahihi, na ombi kwamba onyo liondolewe kwake na liandikwe kwa mwenyewe. Nakala zake ziko mezani kwa Mzee Hood na meneja. Programu hii pia nimeichapa nakala mia mbili na zimeshagawiwa, kwa hiyo haitafaa kitu kuniambia niiruke. Mimi nina miaka mingi ya kazi mbele yangu, na nafasi ya onyo moja katika faili langu ipo.

Ami Marzouq, shikamoo. Najua umekaa safu ya mbele, miwani puani, na umeshafika hapa, na umekunja uso. Uliniambia ninyamaze maadamu uko kazini, na mpaka kesho saa nane bado uko kazini. Nimevunja ahadi kwa siku moja, kwa sababu keshokutwa ningekuwa nimechelewa. Nigombeze huko Adam, nitakuja na mama na wadogo zangu wote watano, uwaone watu uliowalisha. Nenda ukapumzike, maisha yako yawe mepesi na marefu, na jina lako tunakurudishia kama ulivyokuja nalo.